Uliza Sista: Hii falsafa ya unesi inanisaidia nini wodini?

Wasomaji wangu wa Tabora na kwingineko, mwangaluka. Mwezi huu barua nyingi zimekuja za mambo ya vyuo, mwaka mpya wa masomo umeanza watoto wameingia vyuoni wazazi wamebaki wanahesabu ada, kwahiyo safu yote nimeiachia elimu ya unesi, wale wa presha na vidonda vya tumbo mnisamehe tutaonana toleo lijalo. Barua ya kwanza nimeijibu kwa urefu maana hilo jambo liko moyoni mwangu, nimekuwa nesi wa wodini na baadae mkufunzi wa manesi kwahiyo nimelala pande zote mbili za hicho kitanda.

Shikamoo mama. Mimi ni binti wa Urambo, nimechaguliwa chuo kikuu kusoma digrii ya uuguzi na hii ni wiki ya nne. Tumepewa kitabu cha mwongozo wa kozi, kurasa za mwanzo zote ni "falsafa ya programu", mara binadamu ni kiumbe kamili mwenye mwili, akili na roho, mara afya, mara mazingira, mara mwanafunzi ni mshiriki katika kujifunza kwake. Sasa wametupa asaimenti tuandike kurasa nne juu ya hiyo falsafa. Mama mimi nilikuja kujifunza kuchoma sindano na kuzalisha. Baba analima tumbaku, pesa ya mauzo yote kaniwekea mimi, akipiga simu kuniuliza nasoma nini naona aibu kumwambia nasoma falsafa. Haya maneno yana kazi gani au ni mapambo ya kitabu? – Mwanao, wa Urambo

Marahaba mwanangu na hongera sana. Usione aibu, baba akipiga mwambie hivi: falsafa ya kozi ni majibu ya chuo kwa maswali ambayo nesi hawezi kushika zamu bila kuyajibu, hata kama hajawahi kuyasikia maisha yake yote. Mgonjwa ni nani? Afya ni nini? Mazingira ya mtu yanamfanya nini? Na nesi kazi yake hasa ni ipi? Hayo manne utayakuta kwenye vyuo vingi sana vya uuguzi duniani, msomi mmoja wa Marekani anaitwa Jacqueline Fawcett ndo aliyeyashikilia sana miaka ya 80 mpaka yakawa kama nguzo nne za nyumba, mtamsoma mbele ya safari. Alafu vyuo huongeza la tano, kwamba mtu anajifunzaje, na hilo la tano nitalirudia maana ndo nililoumia nalo.

Sasa angalia. Nesi anayeuliza "namba nane kapata dozi?" kashajibu swali la kwanza, kwake mgonjwa ni kitanda. Nesi anayemfukuza ndugu aliyekuja na uji saa ambayo sio ya kuona wagonjwa, bila kuuliza huyo mgonjwa toka asubuhi kaweka nini tumboni, naye kashajibu swali la mazingira. Hajui kama kajibu ila kajibu. Kinachofanywa na chuo kinachoandika falsafa yake ni kuyatoa hayo majibu nje yaonekane, mbishane nayo mapema ukiwa bado darasani, kabla hujakabidhiwa wodi ya watu arobaini usiku na umeme umekatika.

Na haya maneno huwa yanageuka kuwa ratiba, hapo ndo watu wengi hawaoni. Florence Nightingale alipofika Scutari kule Uturuki mwaka 1854 na manesi wake 38 wakati wa vita ya Crimea, askari walikuwa wanakufa zaidi kwa kuhara, kipindupindu na homa kuliko kwa majeraha ya risasi. Yeye akashikilia kwamba kazi ya nesi ni kumweka mgonjwa kwenye hali nzuri ili mwili ujiponye, hewa safi, mwanga, usafi, chakula, utulivu. Hiyo ni falsafa mwanangu, na alipofungua shule yake London mwaka 1860 kwenye hospitali ya St Thomas' wanafunzi walifundishwa kuangalia hivyo vitu kwa macho yao wodini. Angeamini kwamba kazi ya nesi ni kumshikia daktari sahani ya vyuma tu, shule ingefundisha kushika sahani.

Akaja Virginia Henderson, Mmarekani, maelezo yake yakachapishwa na Baraza la Kimataifa la Wauguzi mwaka 1960. Huyu mama mimi nampenda sana. Alisema kwa ufupi kwamba nesi anamsaidia mtu, mzima au mgonjwa, kufanya yale ambayo angeyafanya mwenyewe kama angekuwa na nguvu, nia au ujuzi, na amsaidie kwa namna ya kumrudisha ajitegemee haraka iwezekanavyo, na kama ni wa kufa basi afe kwa amani. Alihesabu mahitaji 14, kupumua, kula, kwenda haja, kulala, kuvaa, kuongea na wenzake, kuabudu, mpaka kucheza na kufanya kazi.

Sasa rudi kwenye sindano yako uliyoifuata chuoni. Ukiamini nesi ni mchoma sindano basi ukishachomoa sindano kazi imeisha. Ukimwamini Henderson haijaisha, maana mzee wa kisukari aliyetoka Sikonge huko ndani ataruhusiwa Ijumaa na Jumamosi asubuhi wewe haupo, nani atamchoma? Kwahiyo toka siku ya pili unamshikisha yeye mwenyewe bomba, mkono wake unatetemeka unamsubiri, unamwita na mkewe aone, unamuuliza nyumbani friji ipo, anasema haipo, basi unamfundisha kuiweka insulini kwenye chungu kilichozungushiwa mchanga uliolowana, mahali pa kivuli, tabu kidogo ila joto linapungua na dawa haiharibiki haraka. Sindano ni ile ile, dawa ni ile ile, tofauti ni kile ulichoamini kabla hujaingia wodini.

Naomba nikuambie na kosa langu, linahusu tumbaku kwahiyo baba atalielewa kuliko hata mimi. Nikiwa mkufunzi nilimpeleka mwanafunzi wa mwaka wa pili amwogeshe mgonjwa kitandani, mama mmoja kaletwa anatapika, kichwa kinamzunguka, hana nguvu, kipimo cha malaria hakina kitu ila kila mtu anasema ni malaria imejificha. Nilimpa dakika zake. Akapitiliza karibu mara mbili, nikichungulia namkuta ana kitambaa mkononi anapiga stori na mgonjwa. Nikamkata maksi, nikamwambia mbele ya wenzake kwamba hapa sio kisimani. Yule binti akanyamaza. Jioni akanifuata na daftari lake akasema sista, yule mama jana yake alikuwa anavuna tumbaku kuna umande, majani mabichi yamemlowanisha nguo mwili mzima, na anasema kila msimu akivuna asubuhi sana inamtokea hivi. Ile nikotini inapita kwenye ngozi, hasa jani likiwa na maji, mtu anatapika na kusikia kizunguzungu na huwa inatulia ndani ya siku moja mbili akitoka kwenye hayo majani na kuoga vizuri. Yaani kale kamazungumzo nilikokakatia maksi ndo kalikuwa kazi yenyewe. Mimi ndo niliyekuwa nafundisha darasani kwamba mazingira ni nguzo ya uuguzi, nimeyaandika ubaoni kwa mkono wangu, na yalipotokea mbele yangu nikayapiga faini. Nilimrudishia maksi zake na nikamwomba radhi mbele ya wale wale wenzake, lakini sijawahi kusahau, na msimu wa kuvuna ukifika mwambie baba na wanaomsaidia wavae mikono mirefu na wasubiri umande ukauke.

Kwahiyo lile la tano. Mtu anajifunzaje. Kitabu chenu kimeandika mwanafunzi ni mshiriki, maneno mazuri, ila hilo ndo pa kupimia chuo chochote. Mimi nilisoma zamani, na nikiwa mwanafunzi kuna siku tulisimama kama kumi hivi kuzunguka kitanda cha mzee mmoja mwenye mpira wa mkojo. Mwalimu alivuta shuka akaliacha magotini, akaanza kutuuliza mmoja mmoja nini maana ya kumhudumia mgonjwa kama mtu kamili. Zamu yangu ikafika. Jibu nilikuwa nalijua nimelikariri usiku kucha lakini macho yangu yalikuwa kwa yule mzee, anaangalia dari, mikono kaikunja mbele yake kujisitiri, umri wa babu yangu. Nikanyoosha mkono nikavuta shuka juu. Nikafokewa pale pale, kwamba nimeulizwa swali nahangaika na mashuka, sina akili, nikatolewa nje ya wodi nikasimama kwenye korido nalia. Kesho yake nimepita na trei ya dawa yule mzee akanishika mkono akasema mwangaluka mwanangu, wewe ndo uliyenifunika.

Mwanafunzi anayedhalilishwa mbele ya mgonjwa anajifunza kitu, usidhani hajifunzi. Anajifunza kwamba mwenye cheo anaruhusiwa kumdhalilisha aliye chini yake, na kesho aliye chini yake ni mgonjwa. Hakuna somo la maadili la masaa mangapi sijui litakalofuta hiyo, ndo maana nasema chuo ambacho hakimuoni mwanafunzi kama mtu hakiwezi kumfundisha amuone mgonjwa kama mtu, waandike kurasa hata mia. Na ndo maana nilivyomfokea yule binti kwamba hapa sio kisimani iliniuma zaidi, nilisikia sauti ya yule mwalimu inatoka kwenye mdomo wangu.

Na usifikiri hii habari ya falsafa ya elimu ni ya wazungu tu. Mwalimu Nyerere alisoma hapa hapa Tabora, na baadae akafundisha St. Mary's hapa hapa kabla hajawa wa taifa, na mwaka 1967 akaandika Elimu ya Kujitegemea, ambayo nayo ni falsafa tu, ya nchi nzima. Alilalamika kwamba shule tulizorithi zinamtenga msomi na watu wake, na zinamfundisha kwamba maarifa yote ya maana yapo kwenye vitabu au kwa waliosoma. Na hakuishia kulalamika, akadai shule ziwe na mashamba. Unaona? Falsafa ikashuka ikawa jembe. Hiyo ndo ninayotaka uitafute kwenye kitabu chako.

Kwenye asaimenti usiwarudishie maneno yao. Chukua sentensi moja tu, mfano hiyo ya mwili, akili na roho, alafu ifuate mpaka kwenye ratiba. Wamesema akili, je mnapelekwa kujifunza wodi ya magonjwa ya akili, Mirembe kule Dodoma au kwingine, wiki ngapi? Wamesema jamii, je kuna fildi ya kijijini au mnaishia hospitali kubwa tu? Wamesema mshiriki, je kwenye mtihani wa vitendo mnapewa nafasi ya kusema kwanini umefanya ulichofanya au ni kuweka tiki? Pale sentensi inapofika kwenye ratiba andika imefika, pale inapopotelea njiani andika hapa imepotea na mimi ningependekeza hivi. Kwa adabu, lakini andika. Mwalimu wa kweli atafurahi. Na sindano utachoma mwanangu, mpaka utachoka kuchoma.

Habari ya kazi mama. Mimi ni mzazi niko Nzega, kijana wangu anataka digrii ya unesi, miaka minne na bado mwaka wa intani juu yake. Mtoto wa jirani kasoma diploma miaka mitatu na anachoma dripu vizuri tu. Nimesikia huko digrii wanasoma mambo ya nadharia na falsafa. Kuna faida gani kwa mgonjwa, au ni kutafuta mshahara tu? – Baba, Nzega

Njema baba, na swali lako sio baya kama wengine watakavyokuambia. Kwanza diploma tuiheshimu, hospitali zetu nyingi na zahanati zinabebwa na hao hao, na kijana akianza na diploma anaweza kujiendeleza baadae, sio mwisho wa njia.

Ila umeuliza faida kwa mgonjwa. Mwaka 2014 jarida la Lancet lilitoa utafiti wa Linda Aiken na wenzake, waliangalia hospitali 300 kwenye nchi 9 za Ulaya, wagonjwa zaidi ya 420,000 waliofanyiwa upasuaji. Wakakuta kwenye hospitali, kila manesi wenye digrii wanapoongezeka kwa asilimia 10, uwezekano wa mgonjwa kufa ndani ya siku 30 unakuwa chini kwa asilimia 7. Ni Ulaya sio Nzega, sitaki ukaibebe kama ilivyo, lakini mimi nilivyoona kwa miaka yangu naiamini, kwa sababu mgonjwa wa upasuaji hafi ghafla kama watu wanavyodhani, saa kadhaa kabla mapigo yanabadilika, anapumua haraka, anaanza kuwa na wasiwasi usioeleweka, na anayekuwa naye hizo saa ni nesi. Swali ni kama nesi ataandika namba kwenye chati aendelee na safari au atajiuliza hii namba inaniambia nini kisha aende kumwamsha daktari na asimame mpaka daktari aamke. Hayo masomo ya nadharia yakifundishwa vizuri yanajenga hiyo ya pili.

Utafiti huo huo ulikuta na kitu kingine ambacho viongozi wetu wakisome vizuri, kila nesi akiongezewa mgonjwa mmoja zaidi wa kumhudumia, uwezekano wa kufa unapanda kwa asilimia 7. Yaani msomeshe kijana, ila digrii zote duniani haziwezi kumfidia nesi mmoja aliyeachwa peke yake na wodi nzima.

Sista habari za kazi. Mimi ni afisa muuguzi msaidizi, miaka 14 kazini, 9 ya hiyo nipo leba. Nimepata ruhusa nimeenda kusoma digrii. Mwalimu nimemzidi umri ananifundisha kupima presha kama nimetoka sekondari jana. Falsafa yao imeandikwa wazi kwamba wanathamini uzoefu wa mwanafunzi mtu mzima, mimi huo uthamini sijauona. Nyumbani nimeacha watoto. Nataka kurudi zangu kazini. – Mkunga, niko masomoni

Dada yangu pole, na usirudi. Nisikilize kwanza.

Kuna nesi wa Marekani anaitwa Patricia Benner, mwaka 1984 alionyesha kwamba nesi anapita hatua tano toka anayeanza mpaka bingwa. Hakuzitunga hewani, aliuchukua mpangilio wa ndugu wawili, Stuart na Hubert Dreyfus, waliokuwa wamechunguza marubani na wacheza chesi wanavyojifunza, akaupeleka wodini. Anayeanza anafuata kanuni kwa sababu hana kingine cha kushika. Bingwa anaona hali nzima kwa mara moja. Wewe ni huyo, unaingia leba mama hajasema neno, unaona anavyoushika ule ubao wa kitanda unajua huyu tusimguse tena, vaa glovu mtoto huyo. Mwalimu anayekufundisha kupima presha kakuweka hatua ya kwanza wakati upo ya tano na hiyo ni dharau hata kama hakukusudia.

Sasa upande mwingine na mimi nisikufiche. Benner huyo huyo alisema bingwa akihamishiwa mahali pageni anarudi kuwa mwanafunzi. Kwenye takwimu na utafiti wewe ni wa kuanza, kwenye wodi ya akili inawezekana pia, hapo kubali kufundishwa na aliye mdogo wako. Na uzoefu huwa unabeba na taka. Wewe ulifundishwa kwamba uchungu wenyewe unaanzia njia ikifika sentimita 4 na baada ya hapo ifunguke sentimita moja kila saa, si ndio? Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likasema ni kuanzia 5, na hiyo sentimita moja kwa saa sio kipimo cha kuaminika cha kuamua kwamba mama kakwama, wako wanaoenda polepole zaidi na wanajifungua salama. Na ile kumkandamiza mama tumbo kwa juu ili mtoto atoke, wangapi tulifundishwa na wakubwa zetu na tukaifanya kwa miaka? Mwongozo huo huo unasema isifanyike. Miaka 14 haikukuambia hayo, darasa ndo litakuambia.

Fanya hivi. Chukua kile kitabu chao, piga mstari hiyo sentensi ya uzoefu, nenda kwa mkuu wa idara bila hasira, mwambie naomba mnisaidie hii sentensi itimie. Omba upimwe ustadi wa vitendo mapema, ukifaulu zile saa zako za kupima presha wakupe kazi ya kuwasimamia wadogo kwenye chumba cha mazoezi, au uandike kisa cha leba kijadiliwe na darasa. Malcolm Knowles aliyeandika sana kuhusu elimu ya watu wazima alishika hilo, kwamba mtu mzima anakuja na maisha yake yote kama mtaji na anataka kuona anachojifunza kinatibu tatizo alilonalo sasa, sio la miaka kumi ijayo. Na kitu kimoja ambacho digrii itakupa na leba haijakupa, ni maneno. Hivi sasa unajua kwamba mtoto anakuja ila ukiulizwa na mwanafunzi umejuaje unasema "utazoea tu". Ukiweza kumwambia umeangalia nini na nini, wale wadogo hawatahitaji miaka tisa.

Watoto wapigie simu kila jioni hata dakika tano.

Shikamoo sista. Niko mafunzo ya vitendo wodi ya watoto. Bibi kamleta mjukuu wake mtoto ana hirizi mkononi pale pale ninapotakiwa kuweka kanula, ule mrija mdogo wa kupitishia dripu kwenye mshipa. Mwenzangu alitaka aikate na mkasi kabisa, bibi akambeba mtoto akawa anaondoka. Darasani tumefundishwa kuheshimu utamaduni na pia tumefundishwa usafi. Nifuate lipi? – Mwanafunzi wa kiume, Tabora mjini

Marahaba kijana wangu. Mkasi uweke mfukoni.

Madeleine Leininger, nesi aliyeenda mpaka Papua New Guinea kuishi na watu akachunguza wanavyouguzana, aliacha njia tatu. Kuna mila unaiacha kama ilivyo na hata unaiunga mkono, kuna unayojadiliana na mwenyewe ikasogea kidogo, na kuna ambayo inabidi mshikane mikono mpaka ibadilike. Kazi yako ni kujua ipi ni ipi. Bibi anayemkanda mama aliyejifungua na kumpikia uji wa moto, mwache, anafanya kazi yako. Hirizi ni ya kujadiliana, haimuui mtoto, inakuzuia mshipa tu. Lakini wakikuletea kichanga kitovu kimepakwa samadi hiyo ni ya kubadilisha siku hiyo hiyo, pepopunda inaingilia hapo, na hata hapo unabadilisha pamoja na bibi sio juu ya kichwa chake.

Kwa huyo wa leo, kaa chini usawa wa bibi. Msalimie kwanza salamu ya kwao, mwite bibi, mwambie mtoto amekauka maji na mshipa mzuri niliouona ni huu hapa ilipokaa hirizi, naomba wewe mwenyewe uifungue umfunge mguuni, mimi nitakusubiri. Asilimia kubwa ya mabibi niliokutana nao walifungua wenyewe. Akikataa tafuta mshipa mkono mwingine, ndo maana mtoto ana mikono miwili. Ukimaliza andika kwenye faili kwamba hirizi ipo mguu wa kushoto kwa ridhaa ya bibi, ili wa zamu ya usiku asije na mkasi wake, na hakikisha ule uzi haujabana, kidole chako kiweze kupita chini yake, maana mtoto akishapata maji atavimba kidogo.